Afisi ya Vizazi na Vifo, Wete

Nimeitwa saa mbili. Saa tatu bado jina la mtoto mmoja
linapanda kwenye kioo, herufi baada ya herufi,
kama mtu apandaye ngazi na ndoo ya maji kichwani.
Babake, Faki Mbwana, kakaa kwenye benchi na bahasha;
skuli inafunga uandikishaji adhuhuri.

"Kizee hichi kimechoka," kasema Kazija wa masjala,
akalipiga kasha la kompyuta kofi la mgongoni
kama anayemtoa mtoto kwikwi.
"Waandikie Unguja walete chengine."

Mie sikubishana. Barua nilishakuwa nayo kichwani:
diski imekula miaka minane, naomba mpya.
Lakini nimefunzwa kupima kabla ya kukaa matanga.

Nikafungua dirisha jeusi la Linux, nikaandika amri.
Ubongo wa mashine umekaa bure,
kumbukumbu ina nafasi tele,
ila diski imeshughulika mia kwa mia
na kila ombi linangoja foleni sekunde mbili.
Sekunde mbili, kwa jina la mtoto!
Nikapima usomaji: megabaiti tatu kwa sekunde.
Diski ya aina hii hukimbia mia na zaidi.
Tatu.

Basi nikaanza kutia viungo
kama mpishi asiyejua kilichopungua.
Nikaikataza isiandike saa kila faili linaposomwa.
Nikamtoa mpanga zamu, nikaweka mwengine
anayejali nani kangoja zaidi.
Nikairuhusu isome mbele kidogo ya inachoulizwa.
Nikaipunguzia kumbukumbu tamaa ya kuhamia diskini.
Nikapima. Tatu nukta mbili.
Faki Mbwana akakohoa.

Nikaiuliza diski yenyewe hali yake,
maana hizi hujiwekea daftari la maradhi.
Vipande vilivyooza: sifuri.
Vinavyoshukiwa: sifuri.
Joto: nyuzi thelathini na nane, kanizidi mie kidogo tu.
Mstari mmoja, ule ambao siku zote naupita,
makosa ya njiani: elfu kumi na moja, mia nne na sita.
Nikapima tena.
Elfu kumi na moja, mia nne na ishirini.

Nikasoma shajara ya mfumo, usiku kucha wa jana
ikinung'unika peke yake gizani:
kiungo kimekatika, kimerudi. Kimekatika, kimerudi.
Kasi imeshushwa. Imeshushwa tena.

Zima. Bisibisi. Mfuniko.
Sisimizi wa Wete, wale wekundu wadogo,
wamejenga mtaa mzima kwenye shingo ya kebo,
na chumvi ya upepo imewapakia kuta kijani.
Kebo yenyewe haina urefu wa mkono wangu.
Bei yake haifiki kilo mbili za sukari.

Nikachomoa ya kompyuta iliyokufa stoo,
nikaifuta meno kwa ncha ya mtandio.
Washa.
Mia na kumi na nane.

Kazija kaona majina yakiteremka, akasahau kufunga mdomo.
"Kwa hivyo haikuwa ikiumwa?"
Ikanibidi nimueleze, na mie ndiyo kwanza naelewa:
ilikuwa ikisoma kila neno sawasawa,
ikilitamka, neno likavunjika njiani,
ikaambiwa sema tena, ikasema tena,
mara kumi, mara mia, bila kupandisha sauti.
Sisi tukauita uchovu.

Faki Mbwana katoka na cheti saa tano u nusu,
mbio, kandambili zikipiga sakafu.
Barua ya kuomba diski sikuiandika.
Ile kebo mbovu imo mkobani mwangu, sijui kwa nini,
imejiviringa, na sisimizi mmoja
bado anatafuta mlango.